Mafua Kidogo

Jumatano, Februari 2016

Si kosa la Neema. Mwalimu wake amewapa kazi ya kutafuta maneno yanayojirudia katika hadithi za zamani za Kiingereza, na binti yangu amegundua hili: mwandishi akisema mtu amepata mafua kidogo, huyo atakufa.

"Si kila mara, Baba," aliniambia jana akicheka. "Ila karibu kila mara."

Leo alfajiri, kabla sijatoka kwenda kwenye kiwanda cha kufulia huku ughaibuni, mdogo wangu Bahati alipiga simu kutoka Bukavu.

"Kaka, Mama ana mafua kidogo tu. Usihangaike."

Kwa baba yangu walianza hivyohivyo. Amechoka kidogo, walisema, kumbe walikuwa wameshamzika.

Nikamwomba ampe Mama simu. Akasema amelala. Kule ilikuwa saa sita mchana, na mama yangu hajawahi kulala mchana.

Nimekunja mashuka ya hospitali kutwa nzima. Sijalia. Hata njaa sikuisikia.

Jioni mke wangu aliniuliza nina nini. Nikamwambia nimechoka kidogo tu. Akaweka mwiko chini, akazima jiko, akaja kuketi karibu yangu.