Mtu wa Sepeto Bado Anachimba

Ami Twalibu,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata Bibi. Yule Paka wa Ngazini aliyekuwa akikutania kila jioni kwenye baraza yako ya mtandaoni ni mimi. Ndiyo, mimi Salma wako, ambaye shuleni hata nikijua jibu sinyooshi mkono. Nilikuwa nikiketi nyuma yako kwenye kompyuta ya pili, juu ya duka la leso pale Biashara Street, nawe ukidhani nafanya hesabu. Mimi naandika, wewe wasoma, wacheka mpaka kiti chalia. Siku moja ulisema bila kugeuka, "Huyu paka ana adabu ya nyumba yetu." Mpaka leo sijui kama ulikuwa unajua.

Uliitengeneza baraza ile ili watu wa Mombasa waliotawanyika, Maskati, Dubai, London, wapate pa kuamkiana na kupiga soga. Ulipowaahidi baraza mpya, yenye picha na rangi, uliweka juu ya ukurasa kijipicha cha mtu anayechimba kwa sepeto. Anachimba, anachimba, hachoki. Chini yake uliandika, "Tayari baada ya Idi." Idi ikapita. Ukabadilisha, "Tayari Ijumaa," bila kusema Ijumaa gani, nao wakapata la kusema.

"Fundi wa Mji wa Kale akikwambia kesho, njoo na godoro."

"Huyo achimbaye sasa ametokea Zanzibar."

Aliyewazidi wote kwa mzaha ni nduguyo, Ami Bakari, aliye Maskati.

Kisha Alhamisi ukaanguka palepale mezani. Ijumaa tukakuzika.

Wao hawakujua, Ami. Baba alipiga nambari ya Ami Bakari kutwa, lakini amehama nyumba na simu ya zamani inalia tu. Bibi akakataza asiandikiwe. "Kifo hakisomwi ukiwa pekeyo," alisema. "Mtafutieni mtu akae naye kwanza." Wajua alivyo. Kwake, aliye mbali hapewi habari ya msiba mpaka mtu mzima awe ameketi kando yake.

Baada ya hitima, nguo zangu zikiwa bado zanukia ubani, nilichukua ufunguo nikapanda juu. Nilitaka kuona kiti chako tu. Nikawasha kompyuta. Modemu ikapiga kelele zake, baraza ikafunguka, na yule mtu wa sepeto alikuwa bado anachimba.

Chini yake Ami Bakari alikuwa ametoka tu kuandika: "Twalibu, kimya hiki cha nini? Umekufa? Sema basi tukusomee hitima tule pilau."

Mwingine akamjibu, "Halua juu yangu."

Na mwingine, "Mwacheni. Kaburi lenyewe hajamaliza kuchimba."

Mdomoni mwangu mlikuwa bado na ladha ya halua ya hitima uliyosomewa.

Ingetosha mtu mmoja wa hapa mjini afungue ukurasa ule aandike "poleni", na Ami Bakari angeisoma peke yake, chini ya mzaha wake mwenyewe. Ningeweza kuizima baraza. Lakini akiondoka, tungempata wapi?

Nikamkumbuka Maalim Zuberi, yule mzee wa Maskati asiyetania, anayeandika salamu na dua tu. Nikamwandikia kando, wengine wasione. Jibu lilikuja upesi: "Inna lillahi. Anafanya kazi duka la matairi, napajua. Naenda sasa hivi. Mzuie asiondoke."

Nimzuie kwa lipi, mimi nisiyejua kusema na watu ila kwa mzaha?

Basi nilikutania, Ami. Nilikutania ukiwa mchangani. Nikaandika, "Mimi Paka nimepanda ngazi kumchungulia fundi. Kiti nimekikuta, mtu sikumkuta."

"Tazama chini ya meza," akaandika Ami Bakari. "Tangu utotoni hujificha huko."

"Nimetazama. Hayupo."

"Basi yuko Makadara anakula mahamri."

"Nako nimetoka. Wasema hawajamwona tangu Alhamisi."

Hilo la mwisho lilinitoka kabla sijafikiri. Nikaogopa. Kule nje wakaadhini magharibi nami sikuinuka. Nisamehe. Kisha maneno yake yakaja:

"Ngoja, Paka. Maalim Zuberi yuko mlangoni. Sijui kimemleta nini."

Hakuandika tena. Kwenye ukurasa wote hakuna kilichosogea ila lile sepeto.

Kesho yake alimpigia Bibi simu. Sikusikia walilosema, ila niliona Bibi ameushika mkono wa simu hata baada ya kukatika. Akaniambia tu, "Hakuwa peke yake." Ami Bakari hajauliza Paka ni nani. Paka naye hajaandika tena.

Lala, Ami yangu. Mungu akupanulie ulipo. Baraza mpya nitaimaliza mimi, kidogo kidogo, mtihani ukishapita. Siku sitaji.

Jioni ile, jina la Ami Bakari lilipokaa kimya, niliwaandikia waliobaki kwamba umekufa. Nao walisoma peke yao. Sikuwa na maalim wa kumtuma kwa kila mmoja. Niliandika kwa jina langu, Salma, binti wa nduguye. Kisha nikamwondoa yule mtu wa sepeto, nikazima kompyuta, nikafunga mlango, nikampelekea Bibi ufunguo.