Saini Chini ya Dira

6 Februari

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta cherehani inazunguka na lile goti limeacha kukusumbua. Mimi ni mzima, isipokuwa mikono inanuka risasi ya kulehemu hata baada ya sabuni.

Nina heshima kukuarifu kwamba nimepokewa vyema katika kampuni. Kazi yetu ni kufunga na kutengeneza vyombo vinavyoiwezesha meli kuona gizani, kupima kina cha maji na kujua inakoelekea: rada, redio, dira za umeme. Karakana iko nyuma ya gati. Ukutani zimepangwa rada zilizokufa, tunazozichinja kwa ajili ya vipuri, na katikati kuna meza ndefu ambayo haiwekwi kikombe cha chai. Fundi mkuu huitwa Nanga, kwa kuwa akishasema neno hang'oki.

Ipo desturi moja ambayo nimeipenda kupita kiasi. Aliyefunga chombo husafiri nacho siku ya majaribio, akisimama kando ya nahodha. Kikifanya kazi sawasawa baharini, ndipo anapotia saini kwenye kibandiko kidogo chini yake. Nanga aliniambia siku ya kwanza, "Hapa hatusaini tukiwa nchi kavu."

Nimekabidhiwa meli ya abiria. Nikiisaini kabla ya Aprili kwisha, nitaajiriwa rasmi. Nisipoisaini, nitashukuriwa na kuagwa. Hivyo nakuomba umsihi Mjomba awe na subira kuhusu nafasi aliyonishikia ofisini kwake. Shida yangu ndogo ni mfuko wa zana: meli ikiyumba, skrubu humwagika kila upande, nami hutambaa nikizifukuza mbele za watu.

Binti yako,
mhandisi mtarajiwa


19 Februari

Binti yangu,

Marahaba. Goti lipo, linakusalimu. Barua yako nimeisoma mara mbili, maana mara ya kwanza nilidhani imetoka wizarani.

Nimewaambia wateja kwamba unatengeneza redio za meli. Nimejiponza. Sasa kila anayeleta sketi ipunguzwe anakuja na redio yake bubu, eti mwanao akija likizo aitazame. Muuza mkaa ameleta televisheni. Nimeitandikia kitambaa, nakatia nguo juu yake.

Mjomba wako anasema kiti kipo mpaka mwisho wa Aprili, kina feni juu yake na hakiyumbi. Anashangaa msichana mwenye digrii kutambaa sakafuni. Mimi mwenyewe naogopa maji. Unajua hata beseni likijaa nalisogelea kwa adabu.

Nimekushonea mfuko wa turubai, una vyumba vingi ndani na vifungo vya sumaku, vile vizito vya mikoba ya bei mbaya. Ukifunga umefunga. Hata meli ilale ubavu, Mungu apishie mbali, skrubu haitoki.

Mama yako


24 Machi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hujambo, pamoja na televisheni ya jirani. Mimi kimwili sijambo. Mengine nitayaeleza kwa utaratibu.

Majaribio yamefanyika. Gatini kila chombo kilijibu sawasawa. Tulipotoka nje meli ikaanza kuyumba, nikaning'iniza mfuko wako kwenye ndoano ukutani, nikasimama kando ya nahodha kwa fahari ambayo sasa inanichekesha. Mnara wa taa ulikuwa mbele ya pua ya meli. Kwa hesabu ya dira yangu, ulikuwa kulia kabisa. Nahodha akaitazama, akanitazama, akasema, "Binti, hii yako inanipeleka shambani."

Nilikagua nyaya zote, nikaanza upya, ikabaki vilevile. Mwenye meli, aliyevalia suti kwa ajili ya picha, akasema mchana ni mweupe na rada inaona, nisaini tu, dira itarekebishwa baadaye. Tiketi za safari ya kwanza zilikwisha kuuzwa. Nilimgeukia Nanga. Akatazama baharini, maana mwenye kalamu nilikuwa mimi. Nilijua kalamu ile ndiyo ajira yangu. Nikaifunika, nikasema, "Sitasaini. Naomba turudi."

Tukageuza kurudi gatini. Nikachukua mfuko nitoe bisibisi, tarakimu za kwenye skrini zikahama. Nikaurudisha, nazo zikarudi. Nyuma ya ukuta ule, usawa wa ndoano, ndipo nilipofunga kihisi cha dira kwa mikono yangu mwenyewe. Kazi yake ni kuisikiliza sumaku ya dunia, nami nimekitundikia sumaku nyingine puani.

Niliwaeleza wote palepale, bila kupunguza. Nahodha alicheka mpaka akaushika usukani kwa mikono miwili. Karakana nzima sasa inaniita Bi Sumaku. Mwenye meli hakucheka. Ameandika kutaka fundi mwingine, na Nanga hajamjibu. Sijui kama nitapewa majaribio ya pili.

Tafadhali usijilaumu. Aliyepata alama za juu katika somo la sumaku na umeme ni mimi, si wewe. Na mfuko haukumwaga skrubu hata moja. Mweleze Mjomba kwamba nitamjibu karibuni.

Binti yako


2 Aprili

Binti yangu,

Marahaba, sijambo. Sijilaumu. Nimecheka mpaka mteja akadhani nalia, kisha nikalia kidogo nisimwangushe. Utume mfuko kwa basi, nitang'oa sumaku niweke vifungo vya mbao.

Mjomba alikuja mwenyewe kutaka jibu. Nikamsomea barua yako, pale penye mtu wa suti. Akasema mambo yameshaharibika, uje ukalie kiti. Nikamwambia, "Kiti chako mpe mwingine." Akauliza, na kampuni isipomchukua? Nikamjibu hasara ni ya kampuni. Mtu aliyekataa kuandika jina lake huku tajiri anamkodolea macho, nimtoe huko nimlete agonge mihuri chini ya feni?

Ukikosa kazi, rudi kwangu tushone. Lakini kwa ajili ya kiti, hurudi.

Mama yako


11 Mei

Mwanangu mhandisi,

Sikuulizi hali. Nimekuacha gatini asubuhi hii umevaa ovaroli yenye jina la kampuni mgongoni, unanipungia mkono kama anayefukuza nzi. Naandika ndani ya meli yako, ndiyo maana mwandiko unapanda na kushuka.

Ulilonificha, Nanga amenieleza tukinywa chai, mbali na ile meza. Kwamba yeye alimjibu mwenye meli kwa mstari mmoja: fundi wa meli hii ni yule aliyekataa kuisaini, na majaribio ya pili ni yake. Na mafundi wenzako wameniagiza mifuko ya vifungo vya mbao. Nimewaambia wapange foleni nyuma ya sketi.

Basi nilijikaza, nikapanda ngazi mpaka chumba cha usukani. Nahodha akanizuia mlangoni. "Samahani, Mama, una sumaku yoyote?" Kumbe siku hizi humuuliza kila anayeingia. Nikamfungulia mkoba aukague mbele ya mabaharia wake, nikamwambia mimi ndiye mama wa Bi Sumaku. Akavua kofia.

Akawasha tochi, akanionyesha kibandiko chini ya dira. Saini ni ileile uliyokuwa ukiifanyia mazoezi kwenye karatasi zangu za kukatia nguo, nikikugombeza kwamba unaniharibia vipimo. Ule mkia wake mrefu bado upo. Nikaupitishia kidole.

Dirishani yalikuwa maji matupu mpaka macho yanapokoma. Nahodha akaniuliza kama naogopa.

"Nilikuwa naogopa," nikamwambia, "kabla sijajua nani kasaini."

Mama yako,
abiria