Mwano kwa Ajili ya Waya

Jumatatu, 4 Agosti 1952. Kigwa.

Waya umekatwa tena. Mara ya tatu. Asubuhi nzima napanda nguzo na kushuka, mapaja yamechubuka, na wasichana wa hapa wanapita kwenda kisimani na vikuku vipya vya shaba miguuni. Wananiamkia kwa adabu. Shaba yangu hiyo! Nimewatukana kimoyomoyo.

Petro ameleta salamu kwa treni kutoka Goweko. Tulianza kazi hii pamoja Tabora. Sasa yeye na kundi lake wanavuta waya kuja huku, mimi nauvuta kwenda kwao. Anasema ataniwahi kufika, nianze kuchambua mchele wa pilau ya dau letu. Hana haya Mnyamwezi huyu.

Jumanne, 5 Agosti

Bwana Mkubwa wa idara ya simu kaja kwa kiberenge cha reli, uso mwekundu. Tajiri wa Isevya, aliyetoa fedha zake ili simu ifike Goweko na yeye ajue bei ya karanga bila kungoja treni, anataka kujitoa kwa sababu ya wizi huu wa waya. Akijitoa, kazi imekufa. Sote tunarudi nyumbani. Mimi sirudi Isevya kukaa kibarazani nikilishwa na vitumbua vya mke wangu. Nina hasira mpaka chakula hakipiti.

Jumatano, 6 Agosti

Nimekwenda kwa jumbe kuomba mwano. Hapa mwizi wa ng'ombe akionekana, mtu hupiga ule ukelele, na kila mwanamume lazima atoke na silaha. Na kila aliyetoka lazima ampige mwizi, hata pigo moja, ili damu isiwe juu ya mtu mmoja.

Jumbe alisita. "Fundi, mwano ni wa ng'ombe. Waya hauna maziwa."

"Waya ni ng'ombe wa serikali," nikamwambia.

Akacheka, akakubali. Jioni ametangaza: atakayeonekana juu ya nguzo, asipokuwa Fundi Musa mnayemjua, apigiwe mwano. Safi sana. Wajaribu sasa.

Alhamisi, 7 Agosti

Waya mzima. Nimekula vizuri.

Ijumaa, 8 Agosti

Mwano umepigwa adhuhuri, natawadha. Nikaacha kopo, nikachukua rungu, nikakimbia. Nilifurahi. Nilikuwa nacheka njiani.

Walikwisha kumshusha. Kifua wazi, shati kalifunga kiunoni kwa sababu ya jua, uso wote damu. Mmoja anampiga mgongoni kwa mpini wa jembe. Mwingine ana jiwe. Nikapenya, nikaweka pigo langu. Mkono wa kulia. Nilisikia mfupa. Koleo likamdondoka. Koleo la idara yetu.

Akaniita. Taya limevunjika, lakini jina langu nililisikia.

Petro. Kaniwahi kweli, kawaacha wenzake nyuma. Wanasema alipiga kelele kuwa ni fundi wa simu. Wakamjibu, fundi wetu tunamjua.

Nikamlalia juu. Wakanipiga na mimi, meno mawili yametoka, mpaka jumbe akawatawanya kwa fimbo. Treni ya Tabora ni kesho. Petro hafiki kesho. Nikachukua kisanduku cha kujaribia simu, nikapanda nguzo ileile. Waliochelewa kutoka vitongojini hawajapiga bado, wakaona mtu mwingine juu, wakanirushia mawe. Moja limepasua sikio. Jumbe alisimama chini amepanua mikono, akiwalaani. Nikaunga kwenye waya wa upande wa Tabora, nikazungusha mpini.

Tabora wakaitika. Sauti safi kabisa. Nikasema mtu anakufa Kigwa.

Daktari kaja kwa kiberenge kabla ya magharibi.

Jumamosi, 9 Agosti

Yu hai. Vijana wa Kigwa wameleta kuku wa kuomba radhi. Nimewafukuza, wao na kuku wao. Halafu nikaona aibu. Walifanya nilichowaomba.

Jumatano, 20 Agosti. Goweko.

Simu imefika. Tajiri ameuliza bei ya karanga, amejibiwa palepale, amepiga makofi. Walipoondoka wageni nilimwita mama yake Petro, anayekaa hapa Goweko. Kaja na kitabu cha nyimbo za kanisani kwapani. Kule hospitali Tabora wamemleta Petro kwenye simu. Hawezi kusema, taya limefungwa. Mama alizungumza naye Kinyamwezi, muda mrefu, akamwimbia ubeti mmoja. Kisha akanigeukia.

"Mwanangu, aliyeomba mwano ni nani?"

"Mimi, mama."

"Yeye anajua?"

"Hajui."

Akanipa simu.

Nikamwambia Petro. Kwamba mwano niliuomba mimi. Kwamba mkono nao nilimvunja mimi. Upande wa pili ni pumzi tu, inapita puani kwa shida. Nikangoja aiweke simu chini.

Hakuiweka.