Magari Yaliyotoweka Salgaa

MAELEZO YA SHAHIDI

Yameandikwa katika kituo cha polisi, Nakuru mjini, Jumamosi tarehe 28 Juni 2025, kuanzia saa nne na dakika kumi asubuhi.

Jina: Najwa Hanif. Umri: miaka 17. Kazi: mwanafunzi, Kidato cha Nne, shule ya kutwa. Makazi: Section 58, Nakuru. Aliyeandamana naye: Alamin Salim, mjomba wake.

Mimi ni mtoto wa pekee wa Bi. Samsam Salim, kiongozi wa mashtaka wa serikali. Anashughulikia kesi za kutwaa mali. Serikali ikidai gari au nyumba ilinunuliwa kwa pesa za uhalifu, yeye ndiye huiomba korti iizuie, halafu ichukuliwe. Nimekuja kwa hiari yangu. Mama hajui niko hapa. Mimi si mtu wa kuongea, kwa hivyo naomba nisiharakishwe.

Mnamo Alhamisi tarehe 12 Juni, mwendo wa saa moja na nusu jioni, tulikuwa mezani nyumbani. Mama alikuwa na ombi la kuzuia magari kumi na moja ya Bw. Ephantus Kahiga, mwenye yadi ya malori Salgaa. Ombi kama hilo hupelekwa kortini bila mwenye mali kujua, asije akayaficha. Mama ana desturi yake, kwamba orodha ya namba haisomwi na mtu mmoja. Aliwahi kushindwa kesi kwa tarakimu moja tu iliyokosewa, na mwenye gari akapita mbele yake akipiga honi. Tangu hapo mmoja husoma kwa sauti na mwingine hutia alama kwa penseli. Karani wa ofisi alikuwa likizo. Mama aliniambia, "Njoo, macho yako ni mapya."

Gari ya tisa ilikuwa Prado nyeupe, namba ikiishia 417. Niliijua. Bw. Kahiga ni baba wa mwanafunzi mwenzangu aitwaye Wangu, na huyo Wangu ndiye rafiki niliye naye shuleni, hakuna mwingine. Kila Ijumaa gari hiyo ilinibeba hadi kwetu, wao wakiendelea Milimani. Nilitia alama. Tukaendelea na ya kumi. Mama alisema magari yatachukuliwa Jumatatu.

Ijumaa tarehe 13 Juni, saa kumi na robo jioni, Wangu aliningoja kwenye lango la shule. Alisema, "Niaje, Naji. Ingia, tunachelewa." Nilimwambia nitatembea.

"Utembee? Na hizo miguu za kuku?"

Nilianza kutembea. Akauliza kama amenikosea. Nikamwambia, "Si wewe. Ni gari."

"Gari imekufanyia nini?"

Nilisema, "Jumatatu usiingie ndani yake. Tafadhali." Sikutaka ichukuliwe akiwa ameketi humo, na sare yake, watu wakitazama. Hayo tu ndiyo niliyofikiria. Sikufikiria malori.

Jumatatu tarehe 16 Juni, saa mbili asubuhi, maafisa walifika Salgaa na amri ya korti. Mama alikuwa nao. Alirudi nyumbani saa saba, akakaa jikoni bila kuvua buibui. Alisema, "Hakuna hata tairi. Wameosha hadi sakafu."

Jumatano tarehe 18 alirudishwa nyumbani kutoka kazini hadi uchunguzi uishe. Kazini wanasema amemuuzia Bw. Kahiga faili. Mjomba Alamin alimsikia Bw. Kahiga mwenyewe kwenye hoteli moja Rongai, akiwaambia wenzake, "Yule mama ni mtu wetu, muacheni," wote wakacheka. Miaka kumi na minne kazini Mama hajapokea hata sahani ya biriani ya mtu mwenye kesi.

Alhamisi tarehe 19 nilimwomba Wangu aseme alichosikia kwangu. Alijibu mbele ya darasa, "Mimi? Sijaskia kitu. Si ulisema unataka kutembea, boss? Tembea."

Jana jioni nilimwambia Mama yote. Hakunipigia kelele. Alisema, "Nyamaza nayo hiyo. Usiende popote." Nilidhani ananilinda mimi. Leo asubuhi nikamwomba Mjomba anilete.

Koplo Kipngeno, anayeandika haya, ameniuliza ni nani aliyenipa orodha. Nimejibu ni Mama. Ameniuliza kama hati hiyo ilikuwa ya siri. Nimejibu ndiyo. Ameniuliza kama Mama alijua mimi si mfanyakazi wa ofisi. Nimecheka kidogo, sijui kwa nini. Nimejibu anajua, ni mamangu.

Mjomba amesema, "Afande, hiyo usiandike." Mimi pia nimeomba ifutwe. Koplo amesema, "Binti, hayo mengine yote ni hadithi ya shule. Hiyo ndiyo maelezo."

Nimesomewa kutoka juu hadi chini. Ni maneno yangu, na hakuna la uongo hata moja.

Sahihi: Najwa H.

Maandishi ya afisa: Shahidi amesomewa na kutia sahihi mbele ya mjomba wake, saa tano na dakika hamsini. Ombi la kufuta limekataliwa. Dai la kuuza faili halijathibitishwa. Kosa la kutoa hati ya siri kwa mtu asiyehusika limethibitishwa na shahidi. Bi. Samsam Salim aitwe Jumatatu.

Koplo Kipngeno