Mkufu wa Rupia Saba

Malindi, Jumapili, Agosti 1986

Tangu asubuhi kunanyesha manyunyu, yale yasiyolowesha nguo wala kuiacha ikauke. Nimefunga dirisha la upande wa njia. Sitaki mtu anichungulie leo.

Siku nne sijaandika humu. Si kwa kukosa la kuandika. Niliogopa kwamba nikiliandika litakuwa kweli.

Ni kweli. Naliandika.

Jumatano nilikwenda kutazama maonyesho ya sarafu na noti za zamani, katika lile jumba kuukuu lililo karibu na bahari. Sikwenda kwa ajili ya pesa za kale. Mimi ndiye niliyeshona mapazia ya ukumbi ule, na vitambaa vya mahameli vya kutandikwa ndani ya makabati ya vioo. Nilitaka kuona kazi yangu imekaaje. Fundi naye ana majivuno yake.

Ilikaa vizuri. Mahameli ya kijani, na juu yake pesa nyekundu zenye picha ya mizani, senti kumi zenye tundu katikati, noti pana kama leso ya mkononi zenye maandishi ya Kiarabu na sura za wafalme ambao pesa zao mimi sikuwahi kuzitumia. Nilipita polepole nikikagua pindo zangu. Kona moja ilikuwa imejikunja, nikainama niiangalie vizuri.

Ndipo nilipouona mkufu wa mama.

Rupia saba za fedha kwenye mnyororo mmoja, kila rupia na kipete chake. Vipete sita vya fedha, cha saba cha shaba. Kile cha shaba nakijua. Cha asili kilikatika kwenye arusi ya mama mdogo, na sonara akatia shaba kwa kuwa fedha ilimwishia. Mama alikuwa akikificha kwa ncha ya mtandio kila alipouvaa. Ulikuwa mkufu wake, aliachiwa na mamake.

Ulipotea nikiwa na miaka kumi na mitano. Tulisema umeibwa. Na tulimjua mwizi. Alikuwa Kadzo.

Hapa nimeweka kalamu chini, nikaichukua tena.

Kadzo alikuja kwetu kutoka Vitengeni kufanya kazi za nyumba, nami wakati huo sijaota meno. Alinibeba mgongoni, akanifundisha kusuka ukili, akanipuliza jicho kila lilipoingia mchanga. Nilimwita Dada. Watu wakimuuliza ana watoto wangapi, alisema mmoja, akanionyesha mimi.

Siku ile mama alifungua sanduku, akaukosa mkufu, akatuuliza nani aliyeingia chumbani. Nikasema, "Kadzo."

Haukuwa uongo. Nilimwona akitoka mle. Lakini nilimwona kwa sababu mimi ndiye niliyemtuma. Nilimwomba anichukulie mtandio mwekundu wa mama nikachungulie ngoma ya arusi ambayo baba alinikataza. Ningesema nilimtuma mimi, baba angejua. Basi nikasema jina lake, nikanyamaza.

Kadzo aliniangalia. Angeweza kunitaja.

Hakunitaja.

Walimtoa barazani. Wanawake wa mtaa wakajaa. Bi Rukia, jirani yetu, akamfungua leso mbele ya watu, akazikung'uta, akampekua hata nywele. Hakikuonekana kitu. Baba, ambaye alikuwa fundi saa, alisimama mlangoni na kile kioo chake cha jicho bado kiko kwenye paji, akasema, "Amekwisha uuza. Aende zake." Kadzo akaondoka na furushi lake la nguo. Nilikuwa nyuma ya mlango. Sikutoka.

Sasa, Jumatano, chini ya mkufu kuna kadi ndogo iliyopigwa taipu. Niliisoma mara tatu: Mkufu wa rupia. Umenunuliwa Malindi kwa Bwana Salim Omari, fundi saa, Oktoba 1962.

Salim Omari ni baba yangu.

Msimamizi wa ukumbi, bwana mmoja wa makamo, alikuja akaniuliza, "Vipi, dada, unaumwa?"

Nikamuuliza mkufu ule wameupata wapi. Akasema kuna Mzungu aliyekuwa na nyumba Bofa, alipenda kununua vitu vya kale vya pwani. Amekufa, na watoto wake wametoa vyote vionyeshwe. "Alikuwa mtu wa kuandika sana," akasema. "Kila kitu alichonunua, kaandika alikinunua kwa nani."

Nilimshukuru. Nikatoka na viatu mkononi. Sikumbuki nilivivua saa ngapi.

Alhamisi baada ya chai nilimwambia mama. Mama anakaa nami, katika nyumba yetu ileile, tangu baba afariki, miaka sita sasa. Alikuwa akipepeta choroko. Nilimweleza nilichokiona, jina lililoandikwa, na mwaka. Nilitaraji apige ukelele. Alitikisa ungo mara mbili tatu, akautua chini.

"Najua," akasema.

"Unajua tangu lini, mama?"

"Kabla mwezi ule haujaisha. Babako aliuuza akaoe kule Mambrui."

Sikuwahi kusikia kwamba baba aliwahi kuwa na mke mwingine. Mama alinieleza huku akitazama choroko. Ndoa ile haikufika mwaka. Baba akarudi, wakaishi kana kwamba hakuna kilichotokea, na yeye hakumwambia mtu.

"Na Kadzo?" nikamuuliza.

"Ningesema nini, Khadija? Afadhali watu waseme nimeibiwa kuliko waseme mume wangu kachukua mkufu wa mamangu kauuza akaoa mwanamke mwingine. Nilikuwa na haya. Hujui haya zangu za wakati ule."

Nikamwambia kuhusu mtandio mwekundu. Miaka yote hii sikuwahi kumwambia. Akanitazama sana.

"Basi sote," akasema.

Kisha akanishika mkono. "Babako yuko kaburini, mwanangu. Usimfukue."

Ijumaa cherehani yangu ilifunikwa mchana kutwa.

Jana niliondoka asubuhi, nikapitia Kilifi, nikapata gari la Vitengeni. Kumwona Kadzo haikuwa taabu. Pale madukani nilimtaja mara ya kwanza tu, mwanamke mmoja akaninyoshea kidole njia ya mashambani. Nilikuwa nimejiambia huenda amekufa. Aibu yangu ni hii: nusu ya moyo wangu iliomba iwe hivyo.

Alikuwa ameketi nje ya jikoni akipukuchua mahindi. Amekonda, kichwa kimeota mvi, lakini mabega ni yaleyale. Nilisimama mbali nikapiga hodi.

"Shikamoo, Dada."

Aliendelea na gunzi alilokuwa nalo mpaka likabaki tupu. Kisha akasema, "Dija." Hakuna mwingine anayeniita hivyo. Akaniletea maji ya kunywa kwenye kata, akanisubiri ninywe.

Nikasema yote. Mkufu, kadi, baba, Mambrui, mama kujua. Kisha nikafika kwangu, nikasema mtandio, nikasema nilikuwa nyuma ya mlango. Nililia. Yeye hakulia. Kuku walikuwa wakidonoa mahindi miguuni petu na wala hakuwafukuza.

Nilipomaliza akaniuliza, "Umekuja peke yako?"

"Peke yangu, Dada. Nisamehe."

"Mino, mimi Kadzo, nilifunguliwa leso mbele ya mtaa mzima," akasema. Sauti yake haikupanda. "Watoto walikuwa wakiangalia. Yule muuza samaki alitua kapu lake apate kuona vizuri. Nilifika hapa, habari imenitangulia. Babangu alikufa hajui kama kazaa mwizi au hakuzaa. Leo unaniambia sikuiba, na wanaosikia ni kuku."

Niliiweka kata chini.

"Wewe nilikuwa nimekusamehe siku ileile," akasema tena. "Ulikuwa mtoto. Lakini ukawa mkubwa, Dija. Ukawa mkubwa miaka mingi."

Hilo ndilo lililonivunja. Ningependa angenitukana.

Nilimuuliza nifanye nini. Akasema maneno yale yasemwe pale yaliposemwa yale mengine. Akarudi kwenye mahindi yake. Nilipoaga, alinifungia mahindi mabichi sita kwenye gazeti, kama afungiavyo mgeni yeyote.

Kama mgeni yeyote.

Leo asubuhi wanawake wa mtaa walikuwa kwa Bi Rukia wakichagua mchele wa arusi ya mjukuu wake. Nyumba yake na yetu zinatazamana, na kwa ajili ya manyunyu walikuwa wamejibana kwenye baraza. Nilimwambia mama ninakokwenda na nitakalolisema. Akaingia chumbani akafunga mlango.

Nilivuka njia. Wakanikaribisha, wakanisogezea sinia. Sikukaa.

Nikasema, "Mnamkumbuka Kadzo aliyekuwa akifanya kazi kwetu? Hakuiba. Mkufu aliuuza baba yangu kwa siri akaenda kuoa Mambrui. Chumbani Kadzo aliingia kwa sababu mimi nilimtuma, nami sikusema. Anayetaka kuuona mkufu aende kwenye maonyesho, uko kwenye kabati la tatu na jina la baba liko chini yake."

Sikuwa nimepanga kusema kabati la tatu. Lilinitoka tu.

Mmoja aliendelea kuchagua mchele, haraka haraka, kama aliyeambiwa utaisha. Wa pili alinong'ona, "Astaghfirullah," na sijui alikuwa akimwombea nani. Wengine ni vijana, Kadzo hawamjui. Waliona tu mwanamke mzima anajivua nguo mbele ya watu.

Bi Rukia ana umri mkubwa sasa, na macho yana ukungu. Akanyosha mkono akinitafuta, akaipata leso yangu, akaishika.

"Alikuwa akitetemeka," akasema. "Nilipomfungua alikuwa akitetemeka, nami nikasema, tazameni, hiyo ndiyo dalili. Ni mimi niliyesema hivyo. Watu walikuwa hawajaamini mpaka nilipolisema lile."

Akaomba watu watoke. Mchele wa arusi ukabaki kwenye masinia.

Nilidhani nitarudi nyumbani nimepata nafuu. Sikupata. Kadzo ana miaka hamsini na zaidi. Ishirini na minne kati ya hiyo tumemkalia kwa uongo wetu, na leo nimesimama kwa muda wa kuchemsha maji tu, nikasema maneno machache. Na baba yangu, ambaye alinifundisha kusoma saa kwa kunishika kidole, kuanzia leo mtaa huu utamtaja kwa jina jingine. Nilimpenda. Bado nampenda. Sijui niuweke wapi upendo huo.

Mama hakutoka kula. Baada ya adhuhuri nilimpelekea uji, nikamkuta amelala ubavu akitazama ukuta.

"Umewatajia na Mambrui?"

"Nimewatajia."

"Basi."

Nikaweka bakuli. Nilikuwa nageuka kutoka aliposema, "Kadzo alikuwa akinisuka. Mkono wake mwepesi, sisikii hata maumivu. Sikusukwa vile tena."

Nikakaa kitandani. Nikamwambia Jumatano nitarudi Vitengeni kumweleza Kadzo kwamba yamesemwa, na Bi Rukia ametaka kufuatana nami. Nikamwambia gari linaondoka asubuhi na mapema, na nafasi ipo.

Hakusema atakwenda. Akauliza kama ile njia ya kutoka madukani kwenda kwao bado ina mawe.

Nilishtuka. "Umeijulia wapi njia hiyo, mama?"

Alivuta shuka mpaka begani.

"Nilikwenda mwaka aliofiwa na babake," akasema. "Nilisimama mitini nikamwona kwa mbali, yuko katikati ya waliofiwa. Nikarudi."

Sikumuuliza kwa nini alirudi. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango; yeye alifika mpaka kwenye ile miti ya kwao Kadzo, akageuka.

Bado ina mawe, nimemwambia. Nitakushika mkono.

Jumatano iko mbali. Mola nipe nguvu za kuifikia.