Mafuta ya Kifuani

3 Machi

Kwa mwanangu kitinda mimba,

Salamu nyingi, u hali gani? Baba yako hajambo, magoti tu yanamlalamikia. Kaka yako mzima, mkewe mzima, mtoto wao kaota meno mawili na anatung'ata sote. Shangazi yako anakusalimu, jirani yetu fundi cherehani anakusalimu. Mimi mzima, ila usingizi umenikimbia.

Mwanangu, si walisema ule uvimbe wa kifuani wameutoa wote? Na zile dawa za dripu zilizokunyoa nywele zilikuwa za nini? Sasa unaniambia uvimbe umerudi, umeingia mpaka mfupa wa bega, na unapigwa mionzi. Nimempa dereva wa lori chupa ya mafuta niliyoyachemsha mwenyewe. Jipake kifuani kila unapokwenda kwenye mashine, ngozi isiungue. Nije lini?

Mama yako

21 Machi

Mama, shikamoo,

Mafuta yalifika. Nilijipaka hata kabla ya kusoma barua, maana yananukia kama wewe. Kumbe yamefuta alama za wino walizonichora kifuani, zile za kuelekezea mionzi. Mtaalamu wa mashine akaniuliza, "Dada, mama yako anataka tukukaange?" Tukacheka, lakini ikabidi wapime upya na siku yangu ikapita bure. Usiumie, wamenichora tena. Nimekatazwa kupaka chochote.

Mama, daktari anasema mionzi hii ni ya kupunguza maumivu na kuusinyaza uvimbe. Hakusema kuumaliza. Usije. Safari ni ndefu, na utanikuta nimekonda.

Binti yako

30 Machi

Mwanangu,

Hapa wote wazima, wanakusalimu mmoja mmoja, leo sina nguvu ya kuwataja. Barua alinisomea kaka yako. Akafika mahali akaruka maneno, nikajua kwa sauti yake. Nikamnyang'anya, nikasoma mwenyewe, kidole juu ya neno, mpaka jua likaniacha. Nimeelewa.

Nisamehe ile siku iliyopotea. Nilitaka tu mkono wangu ufike hapo kifuani.

Unasema nitakukuta umekonda. Ulipozaliwa ulikuwa mwembamba kama kijiti, na nilikubeba. Mbona siku hiyo hukunionea haya?

Nimeshafunga mzigo. Baba yako amenuna, anataka kuja na magoti yake hayo. Nimemwambia abaki na kuku. Niambie nishukie kituo gani, na umelazwa chumba kipi. Usiponiambia nitakuja hivyo hivyo, nitauliza njiani. Lakini nijibu upesi mama, hata neno moja.

Mama yako