Kikapu Kilichotangulia Kuingia

Gabrovo, 9 Februari

Dada yangu Rumyana,

Pokea salamu zangu, ni nyingi kuliko karatasi hii inavyoweza kubeba. Natumaini barua itakukuta mzima wa afya, mgongo haukusumbui, na yule bibi wa Zaragoza unayemtunza naye anakula na kulala vizuri. Baridi ya huko isiwe kama hii yetu inayopasua mabomba. Sisi hapa hatujambo, kama watu wanavyojibu kwa mazoea. Simu zangu hupokei tangu tumzike mama, huu mwaka wa nane, na sikulaumu. Anwani nimepewa na binamu yetu Tsonka baada ya kumsumbua mpaka akachoka. Nakuomba uisome barua hii hadi mwisho hata ukikasirika katikati. Kukasirika utakasirika.

Nianze na habari kubwa. Nina mimba ya miezi minane. Daktari anasema ni mtoto wa kiume na moyo wake unapiga vizuri. Mume wangu Lyuben, yule mrefu aliyebeba msalaba siku ya mazishi, bado ni fundi wa lifti. Mimi bado natengeneza meno bandia, na watu wa mji huu bado huniuliza kama meno ya marehemu baba yao yanaweza kuchongwa kidogo yakawatosha wao.

Tunaishi chumba kimoja na jiko, ghorofa ya sita. Najua utacheka. Tuna vikombe viwili, viti viwili na sahani nne, na mgeni akija na mwenzake mmoja hukaa kitandani. Kanuni yetu ni kwamba kitu kisichotumika mwezi mzima kinatoka. Majirani wanatutania kuwa watu wengine wa Gabrovo humkata paka mkia ili mlango ufungwe upesi wakati wa baridi, sisi hata paka mwenyewe tumemtoa. Waache waseme. Wewe unajua nimetokea nyumba gani. Lile sanduku la mama, nguo za mtoto zimekunjwa ndani miaka nenda miaka rudi, hakuna wa kuzivaa wala wa kuzigusa. Nilikuwa nikipita kando yake mbiombio, kama mtu anayepita karibu na mbwa wa watu. Niliapa kwamba kwangu hakitakaa kitu kisicho na kazi.

Basi mimba ilipothibitika, Lyuben na mimi tukakaa na kalamu. Jamani, watu wanauziwa vitu! Mashine ya kupasha chupa, meza ya kubadilishia nepi, kiti kinachojitikisa kwa umeme, taa inayoimba. Tukakata, tukakata. Kigari tulikigombania wiki nzima, yeye alikitaka, mimi nikamuuliza atakilaza wapi, ndani ya lifti? Mwisho tukabaki na kikapu cha kulalia, mbeleko moja, nepi ishirini za kitambaa, nguo chache na blanketi la sufu. Beseni tunalo, lile la kuoshea mboga. Nilikibandika kile kikaratasi karibu na jiko, na nilikionea fahari kuliko cheti changu cha ndoa.

Mama mkwe wangu, Mama Vena, hakuipinga orodha. Alisema yeye amelea wanne kwa vichache kuliko hivyo. Alichotaka ni kitu kimoja tu, kwamba hivyo vichache visivuke kizingiti chetu kabla ya mtoto mwenyewe. Vikae kwake, mtaa wa chini, na siku nitakapojifungua atavileta vikiwa vimefuliwa na kupigwa pasi. Hili wote tunalijua. Hata daktari wangu na usomi wake aliniuliza kwa sauti ya chini kama vitu viko kwa bibi. Mimi nikajifanya mjuzi. Nikasema sina muda wa ushirikina, na mwezi wa kumi na mbili nikakileta kikapu nyumbani. Kimesukwa kwa fito za mwerebi, kina miguu ya mbao iliyopinda, ukikigusa kinabembea. Nikakiweka chini ya dirisha, na blanketi ndani, na nepi zote kwenye rafu ya bafuni. Mama Vena alikuja akakiona. Alikaa bila kuvua koti, akanywa chai nusu, akaondoka. Asiyesikia la mkuu, malizia mwenyewe.

Siku ya tatu nilirudi kutoka kazini saa nane mchana. Blanketi nililolikunja mara nne nikalikuta limefunuliwa, na kwenye kigodoro pamebonyea mahali padogo, ukubwa wa kichwa. Nikadhani ni Lyuben. Jioni Lyuben akaniambia alidhani ni mimi. Nikalikunja tena. Kesho yake ikawa vilevile, na nilipoweka kiganja pale palipobonyea, pana joto. Dada, sisi tukienda kazini tunazima kipasha joto, chumba kinakuwa baridi hata pumzi yako unaiona. Pale pana joto. Nilikaa chini sakafuni na buti zangu.

Jumamosi nikahesabu nepi, zikawa kumi na tisa. Ya ishirini niliikuta imetundikwa kwenye ukingo wa beseni, imelowa. Lyuben akajaribu mzaha, unajua wanaume wakiogopa. Akasema kanuni ni kanuni, mwezi haujaisha na kikapu tayari kinatumika, basi hakitoki. Akacheka peke yake, kisha akaacha kucheka, akaenda kukagua komeo la dirisha. Lilikuwa limefungwa.

Hayo yote ningeyavumilia. Kilichonivunja ni mtoto wangu. Kikapu kinabembea, mchana kweupe, polepole, mbele ya macho yangu. Na kikianza kubembea, mtoto tumboni anatulia tuli. Kikisimama, anaanza tena kucheza. Mara ya kwanza nilisema imetokea tu. Nikaanza kuandika saa, wiki mbili nimeandika, na kila siku ule utulivu unarefuka. Jumatano iliyopita, nikiwa nimepumzishwa kazi, kilibembea tangu saa nne asubuhi mpaka saa saba, na kwa saa tatu nzima mwanangu hakunigusa ubavu. Nilikimbilia hospitali na viatu vya nyumbani kwenye theluji. Wakanipima, wakaniambia moyo unapiga, nisiwe na wasiwasi, amelala tu. Najua amelala. Nilitaka waniambie ni nani anayembembeleza.

Alhamisi nikakiteremsha kikapu mwenyewe, nikakiacha chini karibu na mapipa ya taka. Nikapanda juu kunawa mikono. Sijafuta maji mlango ukagongwa. Alikuwa Bwana Gancho wa ghorofa ya kwanza, refa mstaafu, mtu asiyeamini hata matokeo ya mechi aliyochezesha yeye. Amekikumbatia kikapu kifuani, hana kofia, anahema. Hakunitazama usoni. Akasema, "Mwanangu, mtoto hawekwi nje na baridi hii, hata dakika moja. Amelia mpaka nimemsikia sebuleni kwangu." Halafu akatazama ndani ya kikapu. Akatazama tumbo langu. Akakiweka chini taratibu, kwa mikono miwili, akashuka kwa ngazi mbio, na lifti ilikuwa pale pale mlango wazi.

Nilikwenda kwa Mama Vena siku hiyohiyo nikamweleza yote, nikitegemea kusutwa. Hakunisuta. Aliniwekea supu, akangoja nimalize, kisha akaniuliza kama kwetu kuna mtoto aliyezikwa bila jina.

Nikaweka kijiko chini, nikamwambia yupo.

Akanieleza kwamba mtoto wa namna hiyo hana ubaya wowote. Alitandikiwa mahali, akanyimwa, na tangu hapo anatafuta. Akikuta kitanda cha mtoto kimetandikwa na hakina mwenyewe, anaingia, kama wewe ungeingia. Ubaya uko hapa, kwamba wangu naye hana jina bado, na wawili wasio na majina hawawezi kugawana kitanda kimoja. Mmoja atampisha mwenzake. Alisema dawa yake ni ndogo, aitwe kwa jina lake, lile lile mama yake alilomwekea na si la kubuni, aambiwe kwamba pale si pake, apumzike. Akaniuliza jina. Sikuwa nalo.

Sasa kaa chini, Dada, kama ulikuwa umesimama.

Mwaka ule mimi nilikuwa na miaka saba, wewe kumi na miwili, mama yuko mwezi wa tisa. Baba alikiteremsha kitanda chetu cha kubembea kutoka darini ili akikaze misumari, akakiacha chumbani mchana mmoja tu. Bibi alitukataza kukigusa. Alituambia kinachompata mtoto wa tumboni kitanda kitupu kikibembezwa. Nilielewa vizuri sana. Nilikibembeza mimi. Na sikuwa nacheza, Rumyana, hili ndilo sijapata kulisema kwa mtu, hata kwa padri. Nilikuwa nimechoka kuambiwa kwamba mtoto akija nitahamia kulala jikoni, kwamba mimi si kitinda mimba tena. Nilitaka kuona kama ni kweli. Nilikibembeza adhuhuri nzima nikimwimbia.

Wewe uliingia kunizuia. Ulikishika ili kisimame, na mkono wako ulikuwa bado juu yake bibi alipofungua mlango. Akauliza ni nani. Nikakunyooshea kidole. Ulinitazama tu, hukusema kitu. Siku nne baadaye mama akajifungua mtoto hana pumzi, na wiki iliyofuata ukapelekwa Vidin kwa shangazi, eti shule za kule ni nzuri. Mama hakukuita tena mwanangu. Nilikuwa na miaka mingi ya kufungua mdomo, nikaufunga. Hata siku yake ya mwisho aliniuliza kama umefika. Ulikuwa umekaa pale kwenye ngazi na koti lako la bluu, na mimi nikamjibu bado. Niliogopa mkionana mtazungumza. Najua jina la mtu wa namna hiyo, huna haja ya kuniandikia.

Jina ninalolihitaji ni lingine. Ukoo wa baba walitaka mtoto aitwe kama babu, mama hakutaka, akachagua lake na akakunong'oneza wewe peke yako, jikoni, mnamenya pilipili za kuchoma. Niliwasikia mkicheka. Nilipoingia mkanyamaza, na hilo nalo nilikuchukia. Bibi hayupo, baba hayupo, mama hayupo. Duniani umebaki wewe tu unayelijua.

Natarajiwa kujifungua tarehe ishirini na nane. Kikapu sikithubutu tena kukitoa. Lyuben amenunua kingine, kiko kwa Mama Vena kinangoja siku yenyewe, kwa hiyo kile kikaratasi changu cha fahari sasa kina kikapu mara mbili. Haitoshi. Jana utulivu ulidumu saa tano. Asubuhi namtandikia ndugu yetu, naona haya kumtandikia bila kumwita chochote, namwambia tu angoje kidogo, dada anakuja na jina lake. Sijui kama anaelewa. Naye ana haki ya kukataa kuningoja, mimi niliyemnyima kitanda chake.

Sikuombi msamaha. Ukinipa sasa nitadhani umenipa kwa ajili ya mtoto. Niandikie jina tu, neno moja kwenye karatasi, bila hata salamu, na uitume leo.

Lyuben anakusalimu sana. Mama Vena, ambaye nimemwambia nilivyokusingizia, anakusalimu, anasema mtu aliyebeba kosa la mwenzake miaka yote hii angependa kumwona kabla hajafa. Tsonka naye anauliza habari zako kila Jumapili. Na yule mwingine yuko hapa chini ya dirisha ninapoandika, hajaacha kubembea tangu nilipoanza mstari wa kwanza. Mimi nikikishika kikapu hakitulii. Katika sisi wawili ni mkono wako uliowahi kukisimamisha kitanda chake, kwa hiyo kama una nauli, Dada, usilitume jina. Lilete.

Ndimi mdogo wako niliyekunyooshea kidole,

Iskra